Dawa ya Bi Hajra

Inspekta Eddah Nekesa alipofika Ndia Kuu Ijumaa ile baada ya swala, watu walikuwa wameshampata muuaji wao na sasa walikuwa wakimmaliza.

Walikuwa wamemlaza kifudifudi mbele ya duka la vinyago, kanzu imepasuka mpaka kiunoni, na kila aliyepata nafasi ya kutia mguu aliutia. Mwenye duka alikuwa ameshika kigoda na alikuwa akimpiga nacho mgongoni bila haraka, kama mtu aliyepewa kazi ya kutwa. Hakuna aliyekuwa akipiga kelele, na hilo ndilo lililomtia Nekesa wasiwasi. Watu wanaopiga kelele huweza kunyamazishwa. Hawa walikuwa wameshanyamaza wenyewe.

Alipenya kwa mabega, akatoa bastola, akasimama juu ya yule mtu, mguu huku na mguu huku.

"Atakayempiga tena, naondoka naye yeye," alisema.

"Huyo ameua, afande," alisema mwenye kigoda akihema. "Amemuua Sameer bhai ndani ya duka lake, watu wakiwa wameenda kuswali. Ameonekana akitoka mbio. Tumemkuta kule kwenye mabomba ya kutawadhia, aosha damu."

"Nimekusikia. Weka kigoda chini."

Alikiweka. Wengine wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja, wakitazama viatu vyao.

Konstebo Oloo, ambaye alikuwa amefanya kazi na Nekesa tangu alipohamishiwa Mombasa kutoka Kisumu, aliinama akamwinua yule mtu kwa makwapa. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi. Jicho moja lilikuwa limefungika kabisa na meno ya mbele yamelegea. Waliposema jina lake, Rehan, alimtazama Nekesa kwa lile jicho lililobaki.

"Sameer amekufa?" aliuliza.

"Amekufa."

Rehan alitema damu kando, asimchafue Oloo.

"Basi nimemuua mimi," alisema. "Nimempiga mimi. Andikeni."

Oloo alimfunga pingu, akamwingiza kwenye gari, akarudi akijipangusa mikono. Uso wake ulionyesha kwamba kwake yeye kazi ya siku ile ilikuwa imekwisha.

*

Duka la dawa la Jusab lilikuwa hatua chache kutoka hapo. Babu yake Sameer ndiye aliyelifungua, na kinu chake cha shaba bado kilikuwa juu ya kaunta, kwa urembo tu, maana hakuna aliyekitumia tena. Mchi wake haukuwemo. Ulikuwa sakafuni, nyuma ya kaunta, na karibu yake alilala Sameer Jusab kwa tumbo, mkono mmoja chini ya kifua. Kisogo kilikuwa kimebonyea. Aliyempiga hakuridhika na pigo moja. Damu ilikuwa imeruka mpaka kwenye rafu ya maziwa ya watoto, ikakauka kwa vitone kwenye sura za watoto wanaocheka.

Kwenye benchi la wagonjwa aliketi Hussaina, mke wa marehemu, na sufuria ya pilau mapajani imefunikwa kwa kitambaa. Yeye ndiye aliyemkuta, alipomletea chakula cha mchana. Nekesa alimpa pole. Hussaina alitikisa kichwa, na sufuria hakuiachia. Nekesa alimwomba jirani mmoja ampeleke nyumbani.

Mpiga picha alipomaliza, waliigeuza maiti. Oloo akashtuka.

"Afande, kuna mtu ameshaanza kumtayarisha kwa mazishi."

Sameer alikuwa na pamba katika tundu zote mbili za pua. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka, na juu ya unyusi wa kushoto palikuwa na plasta iliyobandikwa sawasawa, kingo zake zimelainishwa kwa kidole.

Nekesa alipiga magoti. Pamba ilikuwa imelowa damu iliyoganda, nyeusi. Aliinuka, akatazama kaunta. Palikuwa na kioo kidogo kilichoegemezwa kwenye mizani, bakuli la maji mekundu, na kipande cha pamba kilichobaki.

"Maiti habandikwi plasta, Oloo."

"Unasema alijitibu mwenyewe?"

"Tazama kioo kilivyokaa. Alisimama hapa, akajiosha, akaziba pua. Alipigwa usoni kwa ngumi akabaki mzima. Baadaye akapigwa kisogoni, kwa mchi, na wakati huo alikuwa amempa mgongo aliyempiga. Mtu aliyekupasua pua muda mfupi uliopita humpi mgongo."

Oloo alifikiri. "Huenda Rehan alitoka, akarudi kwa mlango wa nyuma."

"Huenda. Niletee viatu vyake."

Alipoanza kutembea kuelekea mlango wa nyuma, soli yake iligandama sakafuni na kutoa sauti ya kubanduka. Alitazama chini. Kando ya miguu ya marehemu palikuwa na vipande vya chupa ya plastiki ngumu iliyokanyagwa ikapasuka, na shira nzito ya rangi ya majani ya chai ilikuwa imetapakaa. Sisimizi walikuwa wameshafika. Walikuwa wameizunguka shira, lakini hawakuishia hapo. Mstari wao ulikwenda mpaka mlango wa nyuma, na kila baada ya umbali wa hatua ya mtu walikusanyika duara, wakala, kisha mstari ukaendelea.

"Wanatuonyesha alikopita," alisema Oloo polepole.

Katika duara moja, alama ya soli ilionekana wazi: vipembe vidogo vidogo, kama vya viatu vya mazoezi. Oloo alileta ndala za Rehan. Zilikuwa za ngozi, soli tupu, zina damu kwenye kanda lakini chini ni kavu. Nekesa alizigusa kwa kidole, akakinusa, kisha akainama akanusa ile shira. Ilinuka sukari iliyoanza kuungua.

Alisoma kipande cha lebo. Ilikuwa laktulosi, dawa ya watu wanaofunga choo kwa muda mrefu. Rafu iliyoandikwa jina hilo ilikuwa tupu kabisa. Juu yake, kwenye kabati la kufuli ambalo kufuli lake halikuguswa, vidonge vya maumivu makali vilikuwa vimejaa, vile ambavyo wezi wa maduka ya dawa huvitafuta kwanza.

"Nani anaua mtu halafu anaiba dawa ya choo?" aliuliza Oloo.

Nekesa alikuwa akitazama sahani mbili ndogo za chai zilizokuwa kando ya kioo. Katika moja palikuwa na tone la kimiminika cheupe kama maji. Katika ya pili tone lilikuwa la rangi ya majani ya chai.

*

Kituoni, daktari alimshona Rehan mdomo, na Nekesa akamketisha kwenye kiti chenye mgongo kwa sababu mbavu hazikumruhusu kuinama.

"Kwa nini ulimpiga?"

"Alimuua mama yangu, Bi Hajra."

"Kwa njia gani?"

Rehan alitazama ukuta. "Kwa dawa."

"Dawa ya nini?"

Masikio yalimwiva. Nekesa aliisogeza kalamu kando.

"Nimezaa, nimeuguza, nimefua nguo za wagonjwa," alisema. "Hakuna utakachosema kikanishangaza. Mama alikuwa akiumwa nini?"

"Alikuwa hapati choo," alisema Rehan, kwa sauti ya chini sana. "Miaka mingi. Tangu alipovunjika uti na kuanza kunywa dawa za maumivu. Daktari akamwandikia ile shira, kila siku vijiko viwili. Ikamsaidia. Akaishi kama mtu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimnunulia, kwa Sameer, siku zote kwa Sameer. Mwezi jana ikaacha kufanya kazi. Tumbo likawa gumu kama ngoma. Tukarudi kwa daktari, akasema tuongeze dawa. Tukaongeza. Na mama ana sukari, na sukari nayo ikawa yapanda tu. Jumanne utumbo ukapasuka. Walipomfungua ilikuwa wamechelewa."

"Poleni sana."

"Watu waja kutupa pole, wauliza alikuwa na nini. Nitawaambiaje? Nasema tumbo. Wasema, tumbo tu?" Alifunga lile jicho moja. "Leo nikapita dukani kabla ya swala. Nikamwona anacheka na mteja. Yule mteja alipotoka nikaingia."

"Ukampiga na nini?"

"Na mkono. Nikampiga mpaka akaanguka akakaa chini, ameshika pua. Nikamwambia, dawa yako haikumfungua tumbo, ilimpandisha sukari tu. Akaacha kujikinga. Akanitazama. Akaniuliza, 'Sukari ilipanda baada ya kunywa dawa? Una hakika?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimpiga teke," alisema Rehan. "Nikatoka."

"Alikuwa amekaa, anazungumza."

"Ndiyo."

"Na mchi?"

"Mchi gani?"

Nekesa alifungua mlango akamwambia Oloo amrudishe seli, na ampe maji, na pasiingie mtu mwingine katika seli ile.

*

Nyumba ya Jusab ilikuwa juu ya duka, na ngazi zake zilijaa viatu vya wanawake. Hussaina alikuwa ameketi kwenye mkeka katika chumba cha ndani, ameegemea ukuta. Alipomwona Nekesa aliwaomba waliokuwa naye wawapishe kidogo. Sasa aliweza kusema. Kabla ya kuolewa alikuwa amesomea kazi ileile ya mumewe, na walikuwa wakishika zamu pamoja.

"Bi Hussaina, laktulosi hupandisha sukari?"

"Kwa kipimo cha kawaida, si kwa kiasi cha kumdhuru mtu. Haiingii mwilini sana. Hushuka mpaka utumbo mpana, ikavuta maji, choo kikalainika. Ndiyo maana mwenye kisukari aweza kupewa, ila huangaliwa."

"Na rangi yake?"

"Nyeupe, au manjano kidogo sana." Alisita. "Wauliza kwa nini?"

"Iliyomwagika dukani ni ya rangi ya chai."

Hussaina alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Alinipigia simu," alisema. "Watu walikuwa wameshaingia msikitini. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeziba pua. Nikamwuliza una nini, akasema amepigwa kidogo, nisishtuke. Kisha akasema, 'Hussaina, tumewauzia watu shira ya kaimati, sukari tupu.' Nikadhani kichwa kimemruka. Akaniambia nichelewe kuleta chakula, kuna mtu amemwita, wazungumze kwanza kabla hajakwenda kwa wakubwa wa mamlaka ya dawa."

"Mtu gani?"

"Hakumtaja. Lakini mzigo wa mwisho wa dawa ile tuliupata kwa Crispus. Yule tuliyezoea alikuwa ameishiwa. Crispus ana bohari nyuma ya soko la Marikiti. Walisoma pamoja na Sameer, chuo kimoja, chumba kimoja. Kila Idi alikuwa yuko hapa, akila na watoto." Aliinua macho. "Sameer asingekwenda polisi bila kumpa nafasi ya kujieleza. Ndivyo alivyokuwa."

Nekesa aliinuka.

"Bi Hussaina, wateja wenu wengine wa dawa hii unawakumbuka?"

"Wote."

"Wapigie sasa hivi. Waambie waache."

*

Bohari ilikuwa uani mwa jengo la zamani, baada ya mafungu ya vitunguu na magunia ya viazi. Hamali walipita na mikokoteni wakipiga miluzi ili wapishwe, na harufu ya maembe yaliyoiva kupita kiasi ilikuwa imetanda kote. Crispus mwenyewe ndiye aliyefungua. Alikuwa mtu mnene, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, amevaa kandambili za bafuni.

"Karibuni, afande. Nimezisikia habari. Nilikuwa najitayarisha kwenda kuwapa pole." Macho yake yalikuwa mekundu kwelikweli. "Sameer alikuwa ndugu yangu. Nasikia mmemshika aliyefanya."

"Tunaye mtu. Tunawatembelea waliomfahamu. Mara ya mwisho mlionana lini?"

"Wiki iliyopita, nadhani. Alikuja kuchukua mzigo."

"Na leo mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Kuna hesabu za kufunga."

"Peke yako?"

"Ijumaa wafanyakazi wangu huenda kuswali, sasa nibaki na nani?" Alitabasamu kidogo. "Joto kali leo. Niwaletee soda."

Aliingia chumba cha nyuma na kuurudisha mlango bila kuufunga. Nekesa alibaki akitazama. Maboksi yalikuwa yamepangwa vizuri, yana majina ya dawa za homa na za vidonda. Palikuwa pamepigwa deki na pananuka dawa ya sakafu. Ndipo alipowaona sisimizi. Walikuwa wakitoka katika ufa wa ukuta, mstari mwembamba, wakapanda, wakakatiza juu ya swichi ya taa, wakaingia chumba cha nyuma kupitia dirisha la ndani lenye nondo. Kwenye kizingiti cha dirisha, upande wa pili, palianikwa jozi ya viatu vya mazoezi vilivyooshwa, soli juu. Vilioshwa vizuri, lakini katika vipembe vya soli maji hayakuwa yamefika kila mahali, na pale yasipofika sisimizi walikuwa wamejaa.

Alimgusa Oloo mkono, akamwonyesha kwa kidevu. Oloo akasukuma mlango.

Chumba cha nyuma kilikuwa jiko. Juu ya meko ya gesi palikuwa na sufuria kubwa, ya kupikia watu wa arusi, inayotokota. Kando yake gunia la sukari, karai la chupa tupu zilizooshwa, na bunda la lebo mpya. Crispus hakuwa akitafuta soda. Alikuwa amechovya kata katika ile sufuria, na Oloo alipotokea mlangoni alimrushia.

Shira ilimpata Oloo shingoni na kwenye mkono aliouinua kujikinga. Maji ya moto humwagika yakapita. Shira haikupita. Iliganda pale pale ikaendelea kuunguza, na Oloo alipoifuta kwa mkono wa pili ngozi ilitoka pamoja nayo. Alilia kwa sauti ambayo Nekesa hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima, akaanguka juu ya karai la chupa.

Nekesa alichomoa bastola, akauona mtungi wa gesi nyuma ya kiuno cha Crispus, akaacha. Kule kusita kwa sekunde moja kulimtosha Crispus. Alikwapua kisu cha kukatia maboksi na kumjia. Kisu kilimchana Nekesa kiganja cha kushoto kutoka kidole gumba mpaka kifundo, na alikisikia kikigusa mfupa. Alirudi nyuma, akajikwaa kwenye kreti la chupa zilizojaa, akaliinua kwa mikono yote miwili, damu ikitiririka, akamtupia magotini. Goti moja lilivunjika kwa mlio. Crispus alipoanguka Nekesa alikuwa ameshafika juu yake. Alimkanyaga mkono mpaka kisu kikatoka. Alimpiga usoni kwa kitako cha bastola. Akampiga tena. La tatu halikuhitajika, na alijua, na alimpiga.

Alimfunga pingu kwenye nondo za dirisha, akazima gesi, akamkokota Oloo mpaka bomba la sokoni. Hamali wawili waliacha mikokoteni yao wakaja bila kuulizwa. Mmoja alimshika Oloo kichwa, mwingine akamwagia maji, ndoo baada ya ndoo, na Oloo akawa anatetemeka, midomo imekuwa ya kijivu, anasema kwa Kijaluo maneno ambayo hakuna aliyeyajua pale.

Gari la wagonjwa lilipomchukua, Nekesa alijifunga kiganja kwa kitambaa, akarudi bohari. Crispus alikuwa ameegemea ukuta, pua imekaa upande.

"Simu ya Sameer iko wapi?"

"Kwenye gunia la sukari."

Aliichimbua, ikiwa imezimwa. Akaketi juu ya gunia lenyewe.

"Alikuita ukaenda."

"Alinipangia sahani mbili kama mwalimu," alisema Crispus. "Ile ya zamani na yangu. Pamba puani. Akaniambia twende pamoja kwa wakubwa, nikaseme mwenyewe, yeye atanisimamia. Nikamwambia, Sameer, ni dawa ya choo. Sikughushi ya moyo, sikughushi ya malaria. Nilichagua hiyo makusudi. Hakuna mtu anayekufa kwa kukosa choo."

"Amekufa mmoja."

"Ndivyo alivyosema na yeye." Crispus alilamba damu mdomoni. "Akageuka kuchukua kofia yake. Alikuwa anataka tuwahi kabla ofisi hazijafungwa."

*

Asubuhi iliyofuata, kabla daktari wa maiti hajamaliza, Nekesa alishuka seli. Mkono wake ulikuwa umeshonwa na kufungwa mpaka kiwiko. Hospitalini walimwambia Oloo ataishi, na kwamba vidole vya mkono mmoja huenda visikunjuke tena.

Rehan alikuwa macho.

"Hukumuua," alisema Nekesa. "Ulipotoka aliinuka. Aliyemuua ni aliyemuuzia dawa. Ilikuwa sukari iliyopikwa na kutiwa chupani. Sameer hakujua."

Rehan hakuonyesha kufarijika. Aliketi akiyapanga maneno yale kichwani, na Nekesa aliona wazi yanakokwenda. Alifikiri kumkatiza. Kisha akafikiri kwamba mtu huyu atayasikia mahakamani, mbele ya watu, na heri ayasikie hapa.

"Lakini mimi ndiye niliyemwambia habari ya sukari," alisema Rehan.

"Ndiyo."

"Ndipo akajua."

"Ndipo akazipima zile chupa. Kisha akampigia simu Crispus."

"Nami nilikuwa nimekaa kwenye mabomba, hatua chache tu." Hakuuliza kuhusu dhamana wala mashtaka. "Anazikwa lini?"

"Leo, baada ya adhuhuri."

"Nitaruhusiwa?"

"Utashtakiwa kwa kumpiga, lakini dhamana nitakupa. Kuhusu mazishi sina ruhusa ya kukupa. Nitamwuliza mwenyewe."

Alizipanda tena zile ngazi za Ndia Kuu. Hussaina alikuwa amevaa nguo za eda. Alisikiliza habari zote za Crispus bila kutikisika, mpaka Nekesa alipofika kwenye kofia. Hapo aliinamisha kichwa na mabega yakamtetemeka, na wanawake waliokuwa karibu wakamshika. Nekesa alingoja. Kisha akampa lile ombi la Rehan, kwa maneno machache.

Mmoja wa wanawake alisema, "Ana uso wa kuuliza?"

Hussaina alimnyamazisha kwa mkono.

"Jana kwenye simu nilimwuliza nani aliyekupiga," alimwambia Nekesa. "Hakunitajia. Nikamshikilia aniambie. Akasema, 'Mwache, amefiwa.'" Alijifuta uso kwa kiganja. "Mimi sina moyo wa Sameer. Kijana huyo asije hapa kwangu kunipa mkono, sitaupokea. Lakini makaburini aende. Atie mchanga wake kama wanaume wengine, kisha arudi kwao."

Nekesa alimshukuru. Alishuka mpaka mlango wa barabarani, akapiga simu kituoni kwa mkono wake mzima, akawaambia wamfungulie Rehan.